Tairi la Nyuma

Jumatatu, mbigili moja.
Jumatano, mbili, zote gurudumu la nyuma.
Ijumaa nilifika kwa Bibi Rozália
nikiikokota baiskeli kama mbuzi aliyegoma,
pensheni yake mkobani, saa mbili nimechelewa.
Alikuwa langoni. Hakusema neno.
Alilitazama tairi,
kisha akaitazama saa ya kanisa.

Hapa Homokháza ardhi ni mchanga
na mwenye mchanga ni mbigili.
Kwa lugha yetu ya Kihungari tunaiita tikiti la mfalme.
Sijui ni mfalme gani aliyewahi kulila.
Mwezi wa Agosti inatambaa kando ya lami,
vijiua vya manjano, vipole, vya kumpa mtoto.
Septemba kila ua limeota pembe,
na liangukavyo lote,
pembe moja hubaki ikitazama juu.

Upepo wa tambarare, ambao siuhitaji,
hunisukuma kifuani kutwa.
Upepo wa tairi, ambao naulipia,
hunitoroka kwa tundu la sindano.

Jumamosi nikaenda kwa Vendel.
Akanilazia matatu mezani
kati ya minyororo na makopo ya grisi.

La kwanza jepesi, lakunjika kama soksi.
Forinti elfu tatu.
"Hili nalijua," nikamwambia, "nimelinunua mara nne."
"Basi mwiba wa kujichoma," akasema Vendel,
na pole hakunipa.

La pili lilijaa maandishi ubavuni, ahadi tupu tupu.
Nikalibonyeza kwa gumba.
Likakubali upesi mno, kama mkwe mpya.

La tatu lilitua kwa kishindo, vikombe vikalia.
Vendel alikuwa na kipande chake kilichokatwa:
chini ya kashata, tabaka la mpira wa buluu,
nene kama biskuti.

Nikatoa bahasha mfukoni.
Ndani mlikuwa na mbigili ya Ijumaa, niliyoing'oa mwenyewe.
Nikaiweka sakafuni, pembe juu,
nikalilaza tairi juu yake, nikapanda.
Kilo sabini na nane. Nazitaja kwa sababu zinahusika.
Vendel akazima redio.
Mwiba ulizama hadi shingoni, ukakwama.
Nikapitisha kiganja upande wa ndani:
laini, laini, laini.

"Ni zito," akasema, maana si mtu wa kuficha.
"Litakula mapaja yako.
Siku ya kwenda magharibi utanitukana."

Nikapiga hesabu, na si ya forinti peke yake:
viraka, msasa, gundi isiyoshika mvuani,
dakika ishirini nikiwa nimepiga magoti shambani mwa alizeti,
na vidole vyeusi juu ya kadi za rambirambi.
Elfu kumi na mbili kwa moja.
Za mawili sikuwa nazo.

"Nyuma," nikasema. "Mzigo uko nyuma.
Mbele kuna taa, na macho yangu."

Jumatatu, njia ya magharibi,
nilimtukana Vendel kama alivyoagiza,
yeye na duka lake na biskuti yake ya buluu.
Karibu na stesheni nikaisikia:
tik, tik, tik,
kila mzunguko, juu ya lami.
Sauti hiyo naijua kama kikohozi cha mume wangu.
Sikushuka. Nikahesabu malango.
La sita. La kumi na moja.
Kiti hakikushuka chini yangu.

Kwa Bibi Rozália langoni hapakuwa na mtu.
Saa tatu na nusu tu; ilinibidi kupiga hodi.
Akatoka na unga hadi viwikoni,
akatia sahihi, akahesabu noti mara mbili,
kisha akainama kwenye tairi.
Akachomoa kibanio cha nywele,
akaichokonoa mbigili hadi ikatoka nzima, pembe zake zote.
Tukasikiliza. Kimya.

Akainua mkono aitupe barabarani.
Nikamdaka kiganja hewani.
La mbele bado ni lile la soksi.