Shuka Kwanza

Kwa miaka thelathini na mmoja nilishuka.
"Shuka kwanza, Mwantumu,"
nami nikashuka, mkoba kifuani,
kiatu kimoja kwenye mchanga wa Barabara ya Kumi na Nne,
nikimngoja Mhina apige kiki.

Alikuwa na taratibu zake, kama mtu anayetia udhu:
afungue koki ya mafuta,
abonyeze kabureta mpaka petroli imlowe kidole,
ashushe kiki polepole, ahisi pistoni inapogoma,
ndipo ajirushe juu na mwili wote.
Siku njema iliwaka kwa kiki ya pili.
Siku mbaya ya kumi na saba,
na matusi ya Kibondei
ambayo watoto tuliwaambia ni majina ya spana.

Mara moja kiki ilirudi.
Pale Bombo, nesi akishika plasta,
akauliza, "Umegongwa na nini?"
"Nimepigwa teke," akasema, "na BSA."

Sasa yeye hayupo, chuma kipo.
Shemeji anasema uza,
kuna bwana wa Raskazoni huulizia kila Idi.
Mimi nina kilo hamsini na mbili
na goti la kulia lenye habari zake.
Ndani ya eda, mlango umefungwa,
nilikanyaga ile kiki.
Nikabaki nimesimama juu yake
kama kunguru juu ya nguzo ya umeme.
Haikushuka hata inchi.

Eda ilipokwisha nikamwita fundi Semboja.

"Ya kwanza," akasema, "inatoka Uingereza ndani ya sanduku:
stata, mkanda, kava linalong'aa, skrubu zimehesabiwa.
Bei ni mbuzi kumi na wanane,
na ushuru wa bandari bado haujafungua mdomo.
Ya pili ni stata ya Honda iliyofia Pongwe.
Gia nitakereza mwenyewe, kikalio nitachomea.
Ila sikufichi, mama: meno yakipishana
italia kama paka aliyebanwa na mlango."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu ni kijana wangu Kaniki,
aje kila asubuhi akupigie kiki."

Tulicheka. Kisha nikauliza ya betri.
Volti sita haziamshi hata kuku, akasema,
tupande kumi na mbili, dinamo itoke, alteneta iingie,
na waya tuzigeuze,
maana Mwingereza huyu hufunga chanya kwenye chuma.
Nalijua hilo.
Mhina alilisahau siku moja, akaunguza kila kitu,
tukarudi toka Muheza gizani
nimemmulikia tochi juu ya bega.

Nilikaa na zile chaguo siku nne, nikipinda mashuka ya watu.
Sanduku likiharibika nitamwendea nani?
Semboja akikosea, mlango wake naujua,
na mama yake namjua zaidi.
Nikauza cherehani ya pili.

"Honda," nikamwambia.
"Na kiki tuikate? Haitakuwa na kazi."
"Iache."
"Itakukwaruza mguu."
"Iache, Semboja."

Wiki saba. Kava moja lililiwa, kama alivyoahidi.

Akaileta Jumapili, Kaniki akiisukuma kwa nyuma.
Nikapanda. Nikafungua koki.
Nikabonyeza kabureta mpaka petroli ikaniloa kidole,
nikakinusa, kilinuka mtu.

Halafu nikashuka.
Nikasimama pembeni, mkoba kifuani,
kiatu kimoja kwenye mchanga.
Semboja akamtazama Kaniki.
Kaniki akaitazama tairi.
Jirani aliyekuwa akifagia akaacha kufagia.

Sijui nilisimama muda gani
kabla sijajua ninayemngoja.

Nikapanda tena.
Kitufe kiko kulia, chini ya kidole gumba:
kidogo, cheusi, sawa na kifungo cha shati,
kitu ninachoshona kwa dakika mbili
huku nikiongea na mteja.