Kitanzi

Halipwi mtu hapa.
Breixo hupaka rangi meli bandarini Vigo,
Sabela ni mkunga, mimi natengeneza lifti.
Jumanne saa tatu usiku tunavua glavu,
tunageuka walimu.

Visanduku kumi na vinne vinafunguka:
dari, dari, kidevu, paka,
kimoja cheusi chenye jina tupu.
"Mnanisikia?" Hiyo ndiyo hodi yetu.
Karibu yake ni kidole gumba cha manjano.

Otilia, miaka sabini na mmoja, yuko milimani Lugo.
Mtandao wake huja na kuondoka kama mkwe aliyenuna.
Mvua ikizidi anaganda, mdomo wazi,
nasi twamngoja kwa adabu
kama mtu anayekaribia kupiga chafya.

Somo la leo, kitanzi.
Kompyuta haichoki, nikasema,
iambie mara moja, yenyewe itarudia.
Akawasha maikrofoni; nyuma yake mlio mzito wa zizini.
"Mwanangu, kitanzi nakijua.
Nafunga ng'ombe tangu nikiwa na miaka sita.
Nionyeshe tu fundo linakaa wapi."

Nikamkabidhi ukurasa.
Mishale yetu ikatulia; wake peke yake ukatembea,
kama mtu apapasaye miwani gizani.
Akaandika Marela, Teixa, Gallarda, Rubia,
na lita za asubuhi.
Akabonyeza.

Mstari mwekundu.

Mkono wangu ulishafika kwenye kipanya.
Kwa zana tulizo nazo naweza kuingia kompyuta yake,
nikasahihisha, nikatoka,
asijue hata nilikopita.
Nikaukalia mkono.

Dakika mbili. Kumbe saa yangu ya ukutani ina kelele.
Kwenye kidirisha cha ujumbe Breixo akaandika neno,
akalifuta.

"Nukta mbili," akasema Otilia, si kwetu.
Akaziweka.
Majina yakashuka mmoja mmoja,
kama wanavyorudi zizini, kila ng'ombe na lita zake,
hadi Rubia: sifuri.

"Sifuri?" nikauliza, nikidhani kosa ni langu.
"Huyo kafa Jumapili.
Ila sikuweza kumwacha nje, na usiku wenyewe huu wa mvua."

Hakuna aliyenyanyua kidole gumba.
Maikrofoni zikafunguka, moja, nyingine,
na hakuna aliyesema kitu:
tukasikia friji za watu, mvua ya Lugo,
mtoto wa mtu akikohoa.

Saa nne na nusu. "Hifadhi faili," nikamwambia.
"Nimeshahifa—"
akaganda, mdomo wazi.