Bampa la Nyuma

Nati ya kwanza ilikubali kwa mafuta ya taa.
Ya pili ikataka nyundo na matusi.
Ya tatu, fundi Likumbage alilala chali juu ya boksi,
akaishika kwa spana kumi na saba,
akaniambia: dada, hii inamkumbuka aliyeifunga.

Keko, saa nne asubuhi, jua limeshapanda mabati.
Ng'ambo ya barabara wanaranda vitanda,
vumbi la mninga linakuja kutua kwenye grisi.
Pijo ya baba imeinuliwa kwa jeki na matofali mawili,
rangi ya maziwa yaliyolala,
nami nimesimama na mkoba kifuani
kama mtu aliyemsindikiza mgonjwa.

Nilitaka kromu tu.
Yaende yakazamishwe upya, yarudi yaking'aa,
nimpeleke mwanangu ukumbini siku yake.
Basi.

La mbele lilitoka bila maneno.
Gari likabaki taa na kinywa,
babu aliyevua meno kabla ya kulala.
Shomvi, kijana wa spana, akacheka, nami nikacheka.

La nyuma tulilipokea wawili.
Ndani yake udongo mkavu,
kiota cha nyigu waliohama, kizibo cha soda,
na pale lilipokuwa, kwenye bodi,
rangi ambayo jua halijawahi kuiona,
krimu mbichi ya mwaka sabini na nne,
na katikati yake, bonde.

Si kutu. Bonde,
upana wa sufuria ya wali wa watu watatu,
na chokaa kidogo kwenye mkunjo.

Karo letu la Mtoni lilipakwa chokaa kila Idi.

Likumbage aligeuza bampa, akalipapasa mgongo:
makovu ya nyundo, madogo, yamekaa kwa mstari.
"Huu mkono wa baba," alisema.
"Alikuwa hapigi palepale mara mbili.
Aliwahi kusimulia. Mwanamke, gari la mumewe,
mume yuko Dodoma kikazi, hana senti,
akavua bangili."

Mama yangu anaitwa Sikudhani.
Ana bangili moja ya fedha, mkono wa kushoto.
Ya kulia, tulikua tukiambiwa, ililiwa na kisima.

Kumbe alijifunza peke yake,
uani, kati ya karo na kamba ya nguo,
gia ya nyuma ikamwahi.
Fundi alinyoosha, akasugua kwa jivu na ndimu,
akasugua mno.
Baba aliporudi akakuta la nyuma linang'aa kuliko la mbele.
Hakuuliza habari za gari. Aliuliza nani alishika ufunguo.
Mjomba Kibwana, aliyeliosha kila Jumamosi,
aliondoka alfajiri na godoro begani,
na bampa likakaa mahali pake miaka arobaini na kitu
likifanya kazi iliyolileta duniani.

"Nijaze pati?" aliuliza Likumbage. "Haitajulikana."
Nikasema acha.

Nikaliendesha hivyohivyo, Chang'ombe, kisha Barabara ya Kilwa.
Bodaboda mmoja akapaza sauti: mama, umelivua nguo!
Mvuliwa nguo huchutama,
lakini gari litachutama wapi?

Mama alitoka na mkongojo.
Macho yake yamebakiwa na mwanga, si sura.
Nilitaka kumwongoza, akanipita.
Akazunguka hadi nyuma, akainama,
akaupeleka mkono bondeni bila kupapasa,
kama mtu anayewasha taa ya chumba chake gizani.

Bangili iligonga chuma mara moja.

"Kibwana hakuwa hata amekalia kile kiti," alisema.

Kibwana tulimzika Kisarawe, mwaka juzi, masika.
Nikamwambia, ndiyo, mama.
Akaomba kigoda, akakaa palepale nyuma ya gari,
na mpaka adhana ya alasiri
hakuna aliyethubutu kumhamisha.

Bampa bado liko Keko.
Likumbage ameshapiga simu mara mbili.