Njema, Ila

Kwanza niliiamkia.
Volti tatu nukta tatu mbili, ikajibu.
Yaani: sijambo.
Nikaiwashia friji na feni, saa tatu zikapita,
nikauliza tena. Tatu nukta tatu sifuri.
Sijambo.
Saa nne nyingine. Tatu nukta mbili saba.
Sijambo, alhamdulillahi.
Halafu, katika dakika kumi nilizokwenda kuchukua maji,
ikaanguka
kama mtu aliyekuwa akizungumza nawe mlangoni.

Ndivyo ilivyomfanyia Mwanamize, muuguzi wa zahanati ya Matondoni,
usiku ule chanjo za watoto sitini zilipopata joto
na kitaa cha kijani kikiwaka bado.
Alinipigia kabla ya adhana. "Ndoo," akasema,
"ndoo na kompyuta yako uiulize wewe.
Mimi imenidanganya."

Haikukudanganya, nilitaka kumwambia.
Lithiamu ya namna hii, yenye chuma na fosfeti,
ina uso mmoja wa shibe na wa njaa:
toka themanini kwa mia hadi thelathini
hubadilika kwa senti sita tu za volti,
na mita yako ya ukutani
haijui kuhesabu senti.

Nikarudi Langoni nikaanza kuiandika.
Modeli haihitaji mengi.
Chanzo kimoja. Ukinzani mmoja,
ule unaokata pumzi mara tu mzigo unapopanda.
Kisha ukinzani wa pili, na kapasita ubavuni pake,
kama wapagazi wawili kwenye kichochoro chetu:
hawapiti pamoja, lazima mmoja asubiri.
Hao ndio wanaochelewa.
Hao sikuwajali.

Siku kumi na moja mstari wangu mwekundu
ulikataa kulala juu ya mweusi wake.
Nikaongeza joto: mabati ya Matondoni saa nane mchana.
Nikaongeza umri: miaka minne, na mwezi ule wa mawingu
ilipokesha na njaa.
Nikabadilisha namba moja, nyingine ikaharibika.
Nikala mkate wa jana. Nikaitukana.

Kosa langu lilikuwa la adabu.
Naiuliza hali ikiwa na gunia kichwani,
au gunia ndiyo kwanza limetuliwa;
nani atakujibu la maana?

Chini, mlangoni, watu humwamkia mama yangu.
"Habari?" "Njema."
Wengi huondoka hapo, wana haraka, hawana kosa.
Bi Rukiya wa nyumba ya pili haondoki.
Hushika kizingiti, hutazama paka, hasemi neno.
Kitambo kikishapita, mama huendelea mwenyewe:
"Njema, ila..."
na hapo ndipo hutoka mguu, sukari, bili ya maji,
kaka yangu asiyepiga simu.
Miaka yote nimeisikia ile "ila" nikiwa juu ghorofani
nisijue kuwa ni kipimo.

Nikazima kila kitu. Nikaingoja.
Tatu nukta mbili tano. Dakika ishirini: mbili sita.
Dakika arubaini: mbili saba, na nusu yake,
ikasimama. Hapo ndipo ilipokuwa siku zote.
Nikaandika kimya hicho ndani ya programu,
nikakipa jina la herufi tatu,
na mistari miwili ikalala pamoja, isipokuwa asilimia tatu
ambazo bado inanificha. Nimeziacha.

Ila kimya kina bei.
"Kila usiku," nikamwambia Mwanamize,
"uizimie friji dakika arubaini, uiache ipumzike.
Mchana wote modeli itahesabu kutoka hapo."
Akaitazama milango ya friji, akanitazama mimi.
"Dakika arubaini bila baridi."
"Ukiifunga vizuri itastahimili."
"Umepima?"
"Nimepima."
Akachagua saa tisa, saa ambayo hakuna mkono unaofungua.

Jana sikulala. Saa tisa na dakika mbili
simu ikawaka juu ya mto:
*Imenyamaza. Nimekaa nayo.*