Nusu Mita

Baba alikuwa mtu wa mita ya sabini na nane.
Si sabini na saba: hiyo ilikuwa ya Taavetti, fundi viatu.
Wala si sabini na tisa, ya mwalimu Ruokonen
aliyekohoa kabla ya kila mruko.
Walipangwa ukingoni mwa mteremko kama vifungo vya koti,
kila mmoja na kibao chake chenye namba,
na kazi yao yote ilikuwa hii:
miguu ikigusa theluji mbele yako, inua mkono.
Isipogusa, tulia.

Kuna siku alirudi hajauinua hata mara moja.
Mama akauliza, Leo vipi?
Akasema, Leo nimelinda.

Mwaka ule ulimwengu ulikuja mjini kwetu.
Zikaja bendera tusizozijua,
Wanorwe na masanduku ya nta yenye kufuli,
Mjapani mmoja aliyepiga picha farasi wetu tu,
na hoteli zilipofurika
Wacheki wawili wakalala darini, wakikoroma kwa zamu.
Namba ishirini na sita ilikuwa ya kaka yangu, Oiva.
Siku ya kwanza kuruka, siku ya pili kilomita kumi na tano msituni,
maana mchezo wao hautaki ndege, wala hautaki farasi;
unataka kiumbe kimoja kilichorithi wote wawili.

Juu ya mnara alikuwa mdogo
kama inzi kwenye mdomo wa kikombe.
Akaachia.
Kwanza kimya. Halafu sauti ya shuka linalochanwa.
Halafu akailalia hewa, pua karibu na ncha za skii,
na mvuke wa pumzi za watu wote wale
ukakatika kwa pamoja.

Pa!

Baba akainua mkono. Kwa ule mwingine akaonyesha:
sabini na nane na nusu.
Mwalimu Ruokonen alikuwa keshauinua wake;
akaushusha polepole,
kama mtu aliyempungia asiyemjua.

Usiku ule mji mzima ulikuwa wapimaji.
Sabini na tisa, hata kipofu angeona!
Dukani walimpa baba mkate, hawakumpa neno.
Mama alimpakulia viazi akitazama dirisha.
Oiva alikuwa ukumbini, anasugua nta kwa kizibo,
anasugua, anasugua,
nyumba nzima ikinuka lami ya msonobari.

Kesho yake nilisimama kilomita ya kumi na moja
na birika la sharubati ya moto.
Alipita kope zikiwa nyeupe, kidevu kimeota barafu,
akanyakua kikombe, nusu akanywa,
nusu ikamwagika:
doa la zambarau juu ya theluji
nililolitazama mpaka mbio zikaisha.

Wa nne.
Pointi zilizopungua zingeenea ndani ya nusu mita,
na nafasi ingebaki.

Miaka thelathini na mmoja nimekisimulia kisa hiki
kama kisa cha mtu mnyoofu, baba asiyempendelea mwanawe.
Nilikisimulia hata mazishini,
na mchungaji akadakia: msema kweli ni mpenzi wa Mungu.
Taavetti, mzee sana, aliangalia viatu vyake.

Majira haya mashindano yamerudi.
Kamera ndiyo inayopima. Pale aliposimama baba
pana tangazo la benki.

Jioni tulikuwa sauna, mimi na Oiva,
yeye na magoti yake yaliyokwisha.
Akachota maji, akayamwagia mawe, mawe yakafoka,
akasema ndani ya mvuke, simwoni uso:
Ilikuwa sabini na nane. Kavu.
Miguu ni yangu, inajua ilipogusa.
Mzee alinipa nusu.

Nikamuuliza, Na mbona siku zote hizo,
na mji ukimnunia, hukusema?

Akaongeza maji.