Futi Tatu za Filamu

Baba yangu, Zefania Wabuko, hakurudi na nishani kutoka Burma.
Alirudi na homa, na buti moja zima,
na ujuzi wa kuendesha mashine ya sinema.

Kwa hiyo mwaka ule wa arubaini na tano, ukumbini Kaloleni,
ndiye aliyetuonyesha vita vikiisha:
daraja limevunjika kiuno, mto unapita chini yake,
askari wa ng'ambo hii, askari wa ng'ambo ile,
wanatambaa juu ya vyuma mpaka katikati
na kupeana mikono.
Mmoja akatoa sigara. Mwenziwe akavua kofia, akampa.
Watu walipiga makofi hadi vumbi likaanguka kutoka darini.
Muuza maandazi akauliza, "Kwani ni ndugu?"
Baba akajibu gizani, bila kugeuka:
"Wana adui mmoja. Kwa leo inatosha."

Nilikuwa na miaka sita, nimekalia sanduku la mikanda.
Ile "kwa leo" ilinipita juu ya kichwa
pamoja na mwanga.

Bendera ikashuka, nyingine ikapanda.
Jumatatu moja likaja gari jeusi, refu,
na makopo ya filamu, bure:
ngano hadi macho yachoke, matrekta,
wasichana wenye vitambaa kichwani wakichekea chuma kinachoyeyuka.
Alhamisi likaja gari jeupe, refu zaidi,
bure vilevile:
majokofu yaliyojaa, barabara zilizopandana,
roketi ikiinuka kwa mkia wa moto.
Kila mgeni alisalimia kwa mikono miwili.
Kila mgeni aliuliza, kama anayeuliza hali ya watoto,
"Na yule mwingine, huwa anakuletea nini?"

Baba alikuwa na mashine moja, balbu moja,
shuka moja jeupe lenye viraka vya Mama.
Shuka halikubagua.
Jumatatu ngano, Alhamisi roketi,
Ijumaa Mama alilifua,
na maji yalitoka na uchafu uleule.

Lakini sisi tulibagua.
Pakawa na viti vya Jumatatu na viti vya Alhamisi.
Mjomba Ainea akaacha kumsalimia Shikuku fundi viatu,
watu waliowahi kuchangia blanketi moja
katika mvua ya Burma.

Ndipo Baba akawaalika wageni wote wawili, usiku mmoja,
akawawekea ule mkanda wa zamani.
Alidhani watafurahi.
Walikaa na viti vitatu vitupu kati yao.
Darajani mikono ikakutana.
Hakuna aliyepiga makofi; mmoja alitazama saa,
mwingine akakohoa kwa lugha yake.

Tukirudi nyumbani kando ya Soko la Burma, Baba akasema:
"Fahali wawili hukaa zizi moja, mwanangu,
maadamu simba yuko nje.
Sisi ndio tulioua simba."
Kisha hakusema tena mpaka mlangoni.

Jumatatu, gari jeusi likauazima mkanda, "tuutengeneze."
Ukarudi hauna mwenye sigara.
Alhamisi gari jeupe likauazima.
Ukarudi hauna mwenye kofia.
Tukabaki na daraja
na mto ukipita chini ya daraja.

Baba amezikwa Lang'ata, mashine ilikwenda kwa wanunua vyuma vikuukuu.
Magari marefu ya siku hizi yana rangi nyingine,
yanaleta barabara, yanauliza swali lilelile.
Mimi nina kopo la Kimbo.
Ndani mna futi tatu alizozikata
usiku ule kabla ya Jumatatu, kwa wembe wa kunyolea:
sekunde tano za mikono.

Huziinua dirishani, asubuhi jua likitoka upande wa Makadara.
Picha baada ya picha, mikono imeshikana,
haina bendera, kucha zina matope.
Ila picha ya mwisho kabisa
kidole gumba kimeshaanza kulegea.
Sijui kama Baba alikosea kipimo
au alitaka nikione.