Kitabu Kimerudi Kutoka Shuleni

Kimeletwa ndani ya mfuko wa viazi,
uti wa mgongo umevunjika pale mfalme wa saba
anapopanda farasi,
na barua ya mwalimu Deolinda imechomekwa juu:
"Felismina, kikitengenezeka, kitengeneze.
Kisipotengenezeka, usiniambie mbele ya watoto."

Hapa Bragança Februari haina huruma.
Gundi huganda kabla sijaipaka;
bakuli lake naliweka jikoni, ubavuni mwa supu ya kabichi,
na mara mbili mwaka huu nimeonja isiyoonjwa.

Nakifungua. Kurasa za vita ni safi,
nyeupe kama shuka za mgeni asiyefika.
Mfalme aliyeteka ngome tatu hajaguswa hata na kidole.
Lakini ukurasa wa malkia aliyeogopa radi,
lo, huo umelika pembe,
umelainika kama sikio la punda,
una doa la jamu ya tini na vidole vitano vya mtu
aliyekula kwanza, akanawa baadaye.

Malkia huyo, kitabu kinasema,
alijifungia katika kabati la nguo kila ngurumo ilipoanza,
na mabalozi, kofia mkononi,
wakalisomea kabati mkataba wa amani.
Mistari minne tu. Hakuna tarehe.
Darasa kwa darasa, miaka ishirini,
watoto wameingia kabatini humo,
wakavuta mlango.

Halafu pembeni mwa mfalme wa kumi na moja, kwa penseli:
*Mfalme huyu ana pua ya baba yangu.*
Chini yake, mwandiko mwingine, wa kiburi:
*Baba yako hana pua hiyo. Nimemwona sokoni.*
Na chini kabisa, kwa wino,
herufi za mtu aliyekwisha kuwa mkubwa:
*Alikuwa nayo.*

Niliweka brashi chini.
Supu ikachemka ikamwagika, nikaiacha.

Bwana Adérito huja Alhamisi kuota moto wangu.
Huyu historia kwake ni mlo na mchuzi wake;
anajua nani alimzaa nani,
nani alimtilia nani sumu kwenye divai,
nani alizikwa bila moyo, moyo ukazikwa kwingine.
Alipokiona kifutio mkononi mwangu akasema,
"Futa! Kitabu cha wafalme si ukuta wa choo."
Kisha akavaa miwani, akasoma.
Akasoma tena.
"Ni mfalme yupi?" akauliza, naye amesimama mbele yake.
Nikamwelekeza kwa ncha ya sindano.
Akaitazama pua ile kwa muda mrefu,
mzee yule wa tarehe na nasaba,
halafu polepole akagusa ya kwake.

Hakusema alimkumbuka nani. Sikumuuliza.
Nilimpa bakuli la supu iliyosalia
na kipande cha mkate wa jana.

Usiku nikashona: matundu saba, uzi wa kitani
uliopitishwa kwenye nta ili usikatike.
Doa la jamu nimeliacha.
Sharubu za malkia wa tatu nimezifuta upande mmoja;
ule mwingine, hata kwa taa mbili,
sikuweza kujua kama ni za mtoto au za mchoraji.

Asubuhi nikaandika nyuma ya barua ileile:

"Deolinda, kimetengenezeka.
Farasi wa mfalme wa saba sasa ana kiuno.
Kurasa za vita zitakaa kama zilivyo, hakuna haraka.
Radi ikipiga na umeme ukakatika,
wafungulie watoto kabati.
Na kama unamkumbuka aliyeandika kwa wino,
mwambie nimeshonea mbali na maneno yake.

Yuro kumi na mbili.
Kifutio sijakitoza, hakikutumika sana."